Kitako si shati la shule: bunduki ya kwanza ya mpwa wangu

Kwa miaka kumi na moja nilifanya kazi ya kufuata nyayo katika kambi za uwindaji wa kitalii kando ya Mto Ugalla, kabla pori lile halijatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2019 na wengi tuliolitegemea kurudi Tabora mjini kutafuta shughuli nyingine. Katika miaka hiyo yote sikuwa mfyatuaji. Kazi yangu ilikuwa kutangulia na kusoma udongo, kisha, mgeni anapopata mnyama na kuanza kulenga, kurudi nyuma yake hatua mbili na kunyamaza. Mtu anayesimama nyuma ya wapigaji kwa muda mrefu kiasi hicho huona kitu ambacho mpigaji mwenyewe hakioni, nacho ni bega lake. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninaitathmini bunduki hii kutoka upande gani, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuifyatua hata mara moja.

Bunduki ni ya mpwa wangu, kijana wa miaka 13, mtoto wa dada yangu anayeishi katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, pamoja na mume wake ambaye ni mwenyeji wa huko na mwindaji tangu utotoni. Mwaka jana nilialikwa kuwatembelea kuanzia mwishoni mwa Septemba, na kabla sijapanda ndege dada alikuwa amekwisha kunitumia ujumbe wa sauti usio na salamu ndefu: "Kaka, mtoto anataka kurithishwa bunduki ya babu yake, na mimi moyo haujatulia. Ukifika uitazame." Nilifika, nikaitazama, na mwisho wa safari tukawa tumenunua nyingine. Tangu nirudi, majirani zangu wa Ipuli, hapa Tabora, wamekuwa wakiniuliza habari zake, na wawili kati yao wana ndugu huko ambao nao wana vijana wa umri huo, ndiyo sababu nimeona bora niandike yote mara moja.

Kwanza niondoe utata wa jina. Mnyama anayewindwa kule tunamwita kulungu kwa sababu hatuna neno lingine lililo karibu, lakini si kulungu wala pongo tunayemjua sisi. Dume lake huota pembe zenye matawi, huziangusha kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota nyingine upya, jambo ambalo pongo, swala pala na kongoni wetu hawalifanyi kamwe. Kwa mwili, jike lililokomaa huwa karibu na swala pala wetu wa kawaida, na ngozi yake si ngumu. Hilo ndilo la kukumbuka katika maelezo yote yanayofuata: mnyama huyu hahitaji mzinga.

Sheria za kule pia si zetu. Pennsylvania humruhusu mtoto aliyefikisha miaka 12 na kufaulu kozi ya lazima ya uwindaji kupata leseni yake mwenyewe, lakini wa miaka 12 na 13 ni lazima aongozane na mtu mzima, na wote wawili wavae kitambaa cha rangi ya chungwa inayowaka, kichwani, kifuani na mgongoni, ili wawindaji wengine wawaone kutoka kila upande. Duka haliruhusiwi kumuuzia bunduki mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo mnunuzi ni baba, ndiye anayejaza fomu na kuchunguzwa, kisha humpa mtoto kama zawadi na kuifungia katika kabati lake la chuma. Kwetu kijana wa miaka 13 hawezi kupewa leseni ya silaha, na uwindaji bila kibali cha mamlaka ya wanyamapori ni jela. Anayesoma haya akiwa Sikonge au Kaliua akidhani namshauri amtafutie mwanawe gobole, amenielewa vibaya. Hata mimi mgeni nilibanwa, kwa kuwa sheria ya shirikisho la Marekani humzuia aliyeingia kwa viza ya muda kushika silaha, isipokuwa awe na leseni ya kuwinda au sababu nyingine chache. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, mahali ambapo nimezoea.

Siku ya kwanza uwanja wa shabaha tulikwenda na bunduki ya babu. Ni bunduki ya bolti, yaani kipini cha chuma ambacho mpigaji hukifungua na kukifunga kwa mkono ili kupakia kila risasi, ya kaliba (kipimo cha risasi) ya .30-06, risasi ambayo jeshi la Marekani ililipokea mwaka 1906 na ambayo hadi leo inaweza kumwangusha karibu mnyama yeyote wa bara lile. Kitako chake, sehemu inayoegemezwa begani, ni cha mti mzito uliong'arishwa na mikono ya watu wawili waliotangulia, na mwisho wake una bamba la chuma badala ya raba. Ni kitu kizuri cha kutazama. Mpwa wangu alikuwa ameshafyatua bunduki ndogo ya .22 kwa misimu miwili ya joto, analenga vizuri, mpole wa mikono, na alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu ambayo ilionekana tangu asubuhi alipokuja kunigongea mlango na kusema "Shikamoo mjomba" akiwa tayari amevaa viatu.

Alifyatua mara mbili. Ya kwanza iligonga karatasi, pembeni kidogo. Ya pili haikugonga kitu. Baada ya kila mlio aligeuka kutuangalia, akagusa bega, akasema, "Haijaniumiza." Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hapo nilimwomba shemeji afanye jambo ambalo wawindaji bingwa wa Ugalla huwafanyia wageni wao siku ya kwanza kambini, wanapohakiki darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki kabla ya kuingia porini. Unachukua risasi bandia, isiyo na baruti, unaichanganya na zile za kweli bila mpigaji kujua, halafu unaacha kumtazama mnyama au karatasi na kuutazama mtutu. Shemeji alipanga risasi akiwa ametupa mgongo. Mtoto akalenga, akavuta triga, na badala ya mlio ikasikika "ka!" ndogo tu ya chuma. Mtutu uliinama ghafla kama kichwa cha mbuzi anayetaka kupiga pembe, macho yote mawili yalikuwa yamefumbwa, na bega la kulia lilikuwa limekwisha kusonga mbele kupambana na teke, ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma, ambalo halikuja. Hakuna aliyecheka. Shemeji aliifungua bolti, akaitoa ile risasi bandia, akaiweka mfukoni, akairudisha bunduki ya baba yake kwenye begi.

Nimeliona bega lile kwa watu wazima wenye fedha na umri. Nakumbuka mgeni mmoja aliyekuja na .375 mpya kabisa, kaliba ya kupigia nyati, ambaye alikuwa akiiogopa kuliko alivyowaogopa nyati wenyewe. Kwa kuwa aliiogopa, aliishika kwa kulegea. Na kwa kuwa kitako kilikuwa kirefu kuliko mkono wake, aliisogeza shingo mbele ili jicho lifike kwenye darubini. Alipofyatua, ukingo wa darubini ulirudi ukampiga juu ya nyusi, ukamwachia alama ya mwezi mchanga iliyochuruzika damu hadi kwenye kola. Nyati aliondoka mzima. Sisi tulirudi kambini kutafuta bendeji, na kwa siku nne zilizofuata mgeni yule alikuwa akifumba macho kabla ya kila risasi, nasi tukafuata nyayo za wanyama waliojeruhiwa vibaya hadi jioni. Woga wa teke hauwi wa siku moja. Ukimwingia mtu mzima huchukua muda mrefu kumtoka, na ukimwingia mtoto anayejifunza, unakuwa umemfundisha kukosa.

Kesho yake tulikwenda dukani. Duka lenyewe sitalitaja, na muuzaji wake alikuwa mtu mchangamfu, lakini ushauri aliotupa nadhani ndio unaowaharibia watoto wengi. Alileta bunduki ya ukubwa wa kawaida, akamwekea mpwa wangu begani, akaona anavyojinyoosha kuifikia triga, akasema kwa furaha kwamba si neno, mtoto atakua tu, bora kununua moja kwa maisha yote. Dada alinitafsiria maneno hayo huku akiniangalia, na wote wawili tulikumbuka jambo moja: mashati ya shule ambayo mama yetu alikuwa akitununulia pale sokoni Tabora, makubwa kwa namba mbili, mikono ikikunjwa mara tatu, ili yatufae hadi darasa la sita. Shati kubwa halimdhuru mtoto, linamchekesha tu. Kitako kirefu kinamfanya auegemeze mwili nyuma, kichwa akisogeze mbele, kiwiko kining'inie hewani, na raba ya mwisho wa kitako ikae kwenye msuli wa mkono badala ya kwenye shimo la bega. Katika hali hiyo hata bunduki yenye teke dogo itamuumiza.

Kipimo cha kitako hakihitaji fundi. Mtoto hukunja kiwiko pembe mraba, bunduki ikiwa imehakikishwa kuwa tupu na mtutu ukielekea mahali salama. Mwisho wa kitako huwekwa kwenye kunjo la kiwiko, kisha hutazamwa kama pingili ya kwanza ya kidole cha shahada inaifikia triga bila kujinyoosha. Bunduki nyingi za watu wazima zina urefu wa sentimita 35 hivi kutoka triga hadi mwisho wa kitako. Mpwa wangu, ambaye si mfupi kwa umri wake, alitosheka na sentimita 32. Koti nalo lihesabiwe. Sisi tulipima Oktoba akiwa na fulana, lakini kuwinda kule ni mwishoni mwa Novemba, kwenye baridi ambayo humlazimu mtu avae nguo juu ya nguo, na koti nene peke yake linaweza kula sentimita mbili. Nilisisitiza avae koti la baba yake la uwindaji hapo hapo dukani, na watu wakatushangaa.

Tulikuwa na njia tatu mbele yetu. Ya kwanza ilikuwa bunduki ya mkono wa chini, ile inayopakia risasi kwa kusukuma na kurudisha kishikio kilicho chini ya triga, ya kaliba ya .30-30, risasi iliyoingia sokoni mwaka 1895 na ambayo imewaangusha kulungu wengi mno katika misitu ya kule. Ni fupi, ni nyembamba, teke lake linavumilika, na watu wa Pennsylvania wanaipenda kama sisi tunavyoipenda baiskeli. Nilikuwa na shaka moja tu, nayo ilinitosha kuikataa: nyingi kati ya hizo zina nyundo ya nje ambayo mpigaji huivuta nyuma kwa dole gumba kabla ya kufyatua, na asipofyatua hana budi kuirudisha polepole kwa dole hilo hilo juu ya risasi iliyo tayari chembani, pale inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Kwa mkono mdogo, ndani ya glavu, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hiyo ni kazi ambayo singempa mtoto wa miaka 13. Zipo za siku hizi zilizoongezewa kitufe cha usalama. Hata hivyo bolti ni rahisi zaidi kwa mwalimu, kwa sababu ikifunguliwa kila mtu anaona kwa macho kwamba chemba ni tupu.

Njia ya pili ilikuwa bunduki ya bolti yenye kitako kinachorefushwa. Mossberg, kwa mfano, huuza Patriot ya vijana ambayo kitako chake huongezewa kipande na kutoka inchi 12 hadi 13, yaani kutoka sentimita 30 na nusu hadi 33, nami naliona wazo hilo kuwa la busara. Duka lile halikuwa nayo siku ile. Njia ya tatu, ambayo ndiyo tuliyoichukua, ni bunduki fupi ya bolti ya kampuni nyingine ya Kimarekani, kitako cha plastiki chenye urefu wa sentimita 32, mtutu wa sentimita 46, uzito usiofika kilo tatu kabla ya darubini, kaliba ya .243 Winchester. Jina la kampuni nitaliacha, kwa sababu nitakayoyasema juu ya magazini yake, kile kisanduku kinachoshika risasi, si mazuri sana.

Kuhusu kaliba tulibishana zaidi kuliko kuhusu kitu kingine chochote, na shemeji alikuwa na hoja. Risasi ya .243 ilitolewa na Winchester mwaka 1955 kwa kubana shingo ya ganda la risasi ya .308 ili lishike kichwa cha risasi chembamba cha milimita 6. Uzito wake wa kawaida kwa kulungu ni gramu 6 hadi 6 na nusu, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa karibu mita 900 kwa sekunde. Teke lake, katika bunduki za uzito mmoja, ni takribani nusu ya teke la .30-06. Hoja ya shemeji ilikuwa kwamba risasi ndogo haimsamehe anayepiga vibaya. Ikigonga tumbo au mfupa mzito wa bega, haina uzito wa kufanya kazi ambayo risasi ya gramu 11 ingeifanya. Ni kweli. Lakini nilimuuliza ni ipi itakayopiga vibaya, ile ambayo mtoto anaifyatua macho wazi, au ile anayoifumbia macho. Hakunijibu kwa maneno; aliagiza boksi la risasi.

Kulikuwa na chaguo la katikati, 7mm-08 Remington, iliyoingia sokoni mwaka 1980, yenye risasi ya gramu 9, na ambayo mimi naiona kuwa bora kwa kijana wa miaka 15 au 16. Ipo pia 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007, ambayo wauzaji wanaisifu kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni. Zote mbili ni nzuri. Tatizo ni kwamba bunduki nyepesi hupiga teke zaidi kuliko nzito kwa risasi ile ile, na hapa wazazi wengi hujikuta wametegwa: wanamtafutia mtoto bunduki nyepesi ili aweze kuibeba, halafu wanaipakia risasi kubwa, na teke lote la tofauti hiyo linaishia begani kwa mwenye kilo arobaini. Kwa bunduki isiyofika kilo tatu, .243 ilikuwa kikomo changu.

Jambo moja la kuangaliwa na yeyote atakayechagua kaliba hii ni uzito wa risasi anayonunua, kwa sababu madukani zinauzwa pia .243 nyepesi, za gramu 4 au chini ya hapo, zilizotengenezwa kwa wanyama wadogo waharibifu. Hizo hupasuka juu ya ngozi na mbavu badala ya kuingia ndani, na kwa kulungu ni ukatili. Boksi hufanana, bei hufanana, ni namba ndogo tu pembeni inayotofautiana.

Sasa niieleze bunduki yenyewe kama nilivyoiona ikitumika siku sita katika uwanja ule. Siku ya kwanza shemeji alianza kwa karatasi iliyo karibu, yadi 25 tu, kisha 50, na hakuisogeza hadi yadi 100, sawa na mita 91, mpaka mtoto alipokuwa amechoka kupatia. Bunduki ililala juu ya mfuko wa mchanga, naye mtoto hakuruhusiwa kufyatua zaidi ya risasi kumi kwa siku. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa hekima ya shemeji iliyonipendeza kuliko zote, maana wengi humfyatulisha mtoto boksi zima siku moja wakidhani wanamkomaza. Risasi zilizobaki za mazoezi zilikuwa za .22, ambazo hazina teke la kusimulia, na jioni nyumbani alirudia kuvuta triga ya bunduki tupu yenye risasi bandia mbele ya ukuta wa chumba cha chini ya nyumba, sarafu ikiwa imewekwa juu ya mtutu. Sarafu ikianguka, anaanza upya.

Siku ya tatu mtihani wa risasi bandia ulirudiwa. Nilisimama mahali pangu, hatua mbili nyuma. "Ka!" Mtutu haukutikisika. Aliendelea kulenga kwa muda kama anayesubiri habari, kisha akainua kichwa na kuuliza kwa Kiswahili chake kilichochanganyika, "Mjomba, imekufa?" Baada ya hapo sikuwa na wasiwasi tena. Siku ya sita matundu yake matano ya yadi 100 yalifunikwa na kiganja changu kimoja, akiwa ameketi chini na magoti yameinuliwa, bila meza.

Triga ni nyepesi kiasi na inaachia pasipo kukokota, sifa ambayo bunduki za bei hii hazikuwa nayo zamani. Kitufe cha usalama kiko juu, nyuma ya bolti, pale dole gumba linapolala lenyewe, na mtoto anaweza kukiona bila kuigeuza bunduki. Mbinu ya kufunga na kufungua bolti ilikuwa ngumu kwa siku mbili, ikikwaruza kama mlango wa geti jipya, ikalainika baadaye kwa kutumika na kwa tone la mafuta.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni mlio. Mtutu mfupi huuleta mlipuko karibu na uso, na ingawa teke ni dogo, kelele peke yake inaweza kumfundisha mtoto kushtuka kama teke linavyofanya. Tulimwekea vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, vyote viwili, na bila hivyo nisingempa bunduki yenye mtutu wa urefu huo. Ya pili ni plastiki ya mbele ya kitako, ambayo ni tupu ndani na laini. Ukiikandamiza kwenye nguzo au ukivuta mkanda kwa nguvu, inagusa mtutu, na risasi inahama. Inampasa mtoto afundishwe kuegemeza mfuko au mkono, si kukandamiza. Ya tatu ni hiyo magazini niliyoahidi kuisema. Ni ya plastiki, inashika risasi nne, na ulimi wake wa kuitolea ni mdogo na mgumu kiasi kwamba mtoto mwenye glavu hawezi kuubana bila kuiegemeza bunduki mwilini na kusahau mtutu unaelekea wapi. Mara mbili shemeji alimsimamisha kwa sauti kali kwa ajili hiyo. Suluhisho lao lilikuwa kwamba mtoto anafungua bolti, anageuza mtutu chini, na baba ndiye anayetoa magazini. Kwa kitu kinachouzwa kama bunduki ya vijana, mtengenezaji alitakiwa kulifikiria hilo.

Bei yake ilizidi kidogo dola 500, darubini ikiwa kando. Darubini tuliyochukua haikuzi sana, na hapo pia nilishauri hivyo kwa makusudi. Vijana hupenda ile inayomleta mnyama hadi puani, lakini katika msitu wa kule, ambako kulungu huonekana kati ya shina na shina kwa dakika chache, mwenye darubini kubwa huona manyoya tu asijue ni bega au paja. La muhimu zaidi lilikuwa nafasi ya jicho. Fundi wa dukani aliifunga darubini kama anavyowafungia watu wazima. Tuliilegeza tena nyumbani, mtoto akafumba macho, akaiweka bunduki begani kwa kawaida yake, kisha akayafumbua, nasi tukaisogeza mbele hadi duara lote likawa jeupe bila kivuli akiwa na shingo iliyotulia. Paji la uso la yule mgeni wa Ugalla lilikuwa kichwani mwangu muda wote.

Niliondoka mwanzoni mwa Novemba, kwa hiyo msimu wenyewe, ambao huanza Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya mwishoni mwa Novemba, niliufuata kwa simu. Jumamosi hiyo hakufyatua; dume lilipita likiwa nyuma ya vichaka, naye akalingoja, likaondoka. Dada alilalamika kwamba mtoto amerudi na huzuni, mimi nikafurahi sana. Jumatatu, yapata saa kumi alasiri kwetu, nikiwa nimekaa chini ya mwembe nikimenya muhogo, simu iliita, na sauti iliyonifikia ilikuwa ya kunong'ona kana kwamba mnyama bado yupo: jike, mita sitini au sabini, risasi moja nyuma ya bega, lilikwenda hatua arobaini na kulala. Nilimuuliza kama bega lake linauma. Akanyamaza kidogo, kisha akasema hakumbuki kama bunduki ilipiga teke.

Mwezi Machi dada alinitumia picha ya kijana akiwa ameweka kitako kwenye kunjo la kiwiko, kama nilivyowaonyesha. Kati ya mwisho wa kitako na kiwiko pameachwa nafasi ya vidole viwili, amekua. Kitako cha ukubwa wa kawaida cha modeli ile ile huuzwa peke yake na hufungwa kwa skrubu mbili, nacho shemeji amekwisha kukiagiza. Kile kifupi hawakukiuza. Kimefungwa kwenye gazeti na kuwekwa juu ya kabati, kwa ajili ya mdogo wake wa kike ambaye ana miaka tisa.